Mfuniko Ulikaa kwa Mwanaisha

Sufuria ilikaa kwa Josephina na mfuniko ukakaa kwa Mwanaisha, na kwa miaka minane hakuna mtu wa Kwemkuyu aliyeona ajabu. Ukiwa na msiba, harusi, hitima au ubatizo, ulibisha hodi nyumba mbili. Kwanza uliteremka kwa Mwanaisha, ukamwamkia, ukaeleza shughuli yako, ukapewa mfuniko. Kisha ulipanda nao kichwani mpaka kwa Josephina, naye akiuona tu alijua kwamba mwenzake ana habari, akaingia jikoni kukutolea sufuria. Asiye na mfuniko hakupewa, awe mchungaji, awe mwenyekiti wa kijiji.

Josephina alijulikana kwa sufuria ile kuliko alivyojulikana kwa jina la baba yake, na hilo lilikuwa na sababu. Baba yake hakuwa wa milima hii. Alitoka Njombe kuja kuchuma chai Kwamkoro, na binti akazaliwa kambini, katika safu ya vyumba ambako huyu alikuwa Mmakonde, yule Mnyamwezi, wa Ijumaa na wa Jumapili wote wakichota maji bomba moja na kugombania foleni ileile. Mama yake aliwapikia wafanyakazi. Ndiyo maana Josephina, hata kabla hajavunja ungo, aliweza kukoroga ugali wa watu sitini bila kuacha donge.

Mwaka sitini na tatu akaja mpasua mbao mmoja aitwaye Nathanaeli, Msambaa wa Kwemkuyu, kitongoji kilicho juu ya Malindi. Alikuja kupasua mbao akaondoka na mke. Wakwe walikuwa Walutheri, Josephina Mkatoliki. Akabadili kanisa kama anavyobadili mtu njia ya kwenda shamba, bila kelele. Kilichomshinda kilikuwa lugha. Kishambaa hakujua hata neno, na kwa mwaka mzima wifi zake walimwita "mgeni wa Nathanaeli", mbele yake na nyuma yake. Asubuhi moja mtoni msichana aliyekuwa anasugua nyungu alimwambia, "Onga mahundo." Ilikuwa salamu ya asubuhi tu, lakini Josephina hakujua ajibu nini, akaanza kulia. Msichana yule aliacha nyungu yake, akamkalisha juu ya jiwe, akamfundisha kujibu. Alikuwa Mwanaisha, naye ni bibi harusi wa miezi minne, na yeye pia mama mkwe alikuwa amemchosha. Walizaa mwaka mmoja, Josephina akampata Kristian, Mwanaisha akampata Ilham.

Sasa sufuria. Wenye umri wataikumbuka ile miaka ya mwanzo wa themanini, sabuni kwa foleni, sukari kwa kadi, khanga moja ikivaliwa na ndugu watatu kwa zamu. Sufuria kubwa ya shughuli ilikuwa haipatikani hata Tanga mjini. Kanisa lilikuwa na moja, ikatoboka kitako siku ya harusi. Msikiti ulikuwa na moja, ikapasuka ubavuni. Misiba haikungoja maduka yajae. Josephina ndiye aliyesema zichukuliwe zote mbili kwa fundi wa bati Lushoto. Fundi akakata kiraka kutoka sufuria ya msikiti, akakigongelea ribiti chini ya sufuria ya kanisa, na Wakwemkuyu wakarudi na sufuria moja nzima na mabishano mapya: ni ya nani?

Walibishana alasiri nzima. Wanaume walizungumza sana, kama kawaida yao. Mwishowe Mwanaisha akasema kutoka nyuma kwamba sufuria isiyo na mfuniko haiivishi wali, basi vigawanywe. Watu wakacheka, halafu wakakubali. Sharti likawa moja: nguruwe asiikaribie. Toka siku ile wale wawili wakawa wapishi wa kila shughuli, hitima kwa ubatizo, Mwanaisha akishika viungo na Josephina akishika mwiko, na kuku na mbuzi wakichinjwa na Mwalimu Shemboza wa madrasa hata kama sherehe ni ya mzee wa kanisa, ili kila mtu ale.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa. Lushoto palipokuwa na rafu tupu pakaning'inizwa ndoo za plastiki za rangi zote, na kabichi za Malindi zikaanza kupakiwa malorini kwenda Dar es Salaam. Nathanaeli hakuyaona hayo, mti ulikuwa umemwangukia na kumwua mwaka themanini na sita. Lakini Kristian aliyaona vizuri sana. Aliuza kabichi misimu miwili, akasikia kwamba hoteli za mjini zinatafuta nyama ya nguruwe, akajenga banda chini ya nyumba ya mama yake. Josephina hakupenda. Alimwambia, "Vyombo vyako na vyangu visikutane," na Kristian akaitikia, maana alikuwa mtoto mwenye heshima, mwepesi wa kuitikia na mwepesi wa kusahau.

Mwaka tisini na mbili, mwezi wa sita, Josephina alikwenda Mtae kumtazama wifi yake aliyekuwa mgonjwa, akakaa siku nne. Aliporudi alikuta sufuria imegeuzwa kitako juu kwenye kichanja, inang'aa kuliko alivyoiacha. Hapo ndipo moyo ulipomlipuka. Kristian, tangu azaliwe, hakuwahi kuosha hata kikombe. Akaigeuza, akapitisha kidole kila mahali, na kwenye kishikio, pale chuma kinapokutana na bati, akatoa nywele mbili nyeupe, ngumu kama za brashi.

"Kristian, sufuria imefanya kazi gani?"

"Nilichemshia maji tu, mama."

"Maji ya nini?"

Kristian akatazama banda. "Ya kumkwangulia nguruwe. Alikuwa mkubwa, masufuria yetu hayakutosha. Lakini nyama haikuingia humo, mama, naapa. Nilikuwa namwagia kwa kata."

"Na kata ulikuwa unaichovya wapi?"

Kristian akarudi kutazama banda. Mfuniko hakuuhitaji kwa kazi kama ile, ndiyo maana Mwanaisha hakupata habari.

Keshokutwa yake ilikuwa hitima ya baba yake Mwalimu Shemboza. Mfuniko ungepanda kesho asubuhi. Josephina angeweza kuisugua tena na kunyamaza. Hakuna mtu aliyeziona zile nywele ila yeye. Tusimfanye malaika, alilifikiria. Alikaa jikoni na sufuria katikati ya miguu yake mpaka chai ikapoa. Kisha akajitwisha sufuria, mchana kweupe, akateremka.

Mwanaisha alisikiliza mpaka mwisho. Hakupandisha sauti. Aliuliza tu, "Umekuja kuniambia mimi kwanza?"

"Ningemwambia nani mwingine, Mama Ilham?"

Wakaenda mtoni kwenye bonde la nyuma. Josephina akainama achukue udongo, Mwanaisha akamzuia mkono. "Ukiosha wewe watasema. Nikiosha mimi, imeoshwa." Akakunja mikono ya gauni, akaiosha sufuria mara saba, mara moja kwa udongo mwekundu, kama alivyofundishwa utotoni, akihesabu kwa sauti. Josephina alimchotea maji. Mara ya saba Mwanaisha aliiinamisha, akanusa ndani, akasema imetakata.

"Sasa twende kwa Mwalimu tukamweleze," Josephina akasema.

Mwanaisha akatikisa kichwa. Siku zile pale Lushoto wahubiri wa pande zote mbili walikuwa wanakuja na vipaza sauti kwenye viwanja, hawa wakisoma kitabu cha wale na wale wakisoma cha hawa, na vijana wa Kwemkuyu walikuwa wanarudi kutoka huko macho yamewatoka. "Watakuja kwenye banda la mwanao na mapanga," alisema. "Mungu ameona tumeosha. Inatosha." Josephina aliogopa kwa ajili ya mtoto wake, akakubali. Na hapo ndipo walipokosea, wote wawili, kwa nia njema kabisa.

Hitima ikasomwa, watu wakala, wakasifu wali. Mwalimu Shemboza mwenyewe alikuja jikoni kuwashukuru wapishi. Josephina akampokea sahani yake tupu, akaitumbukiza majini.

Miezi saba ikapita. Nguruwe wa Kristian wakatoka bandani wakafukua karoti za jirani, kukawa na ugomvi njiani, maneno makali juu ya wanyama wachafu na wanaowafuga, na Kristian, akiwa amekunywa kidogo, akasema kwamba hao wachafu ndio waliochemshiwa maji katika sufuria ya hitima yenu, na mkala mkaramba vidole. Alipotaka kuyarudisha maneno yalikuwa yameshafika bonde la pili.

Hakuna aliyekuja na mapanga. Nimesikia watu wa mbali wakisimulia kwamba banda lilichomwa, si kweli. Watu waliitana shuleni, darasani, siku ya Jumamosi, wakakaa kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Kristian aliomba radhi huku analia. Josephina akasimama akaeleza yote, nywele mbili, mtoni, udongo. Mwanaisha naye akasimama, jambo ambalo wanawake wa upande wake walimnong'onezea asilifanye, akasema, "Niliosha kwa mikono hii. Kama kuna dhambi, iko hapa."

Mwalimu Shemboza alikuwa mtu mpole, na afadhali angekuwa mkali. Akasema, "Kwa dini, sufuria imetakata. Mara saba, moja kwa udongo. Hata mimi nisingefanya zaidi. Lakini ile ilikuwa hitima ya baba yangu. Mlinipakulia mkanitazama nikila, nyote wawili, mkanyamaza." Kisha akakaa.

Na ilikuwa kweli.

Hakuna aliyetangaza kwamba sasa basi. Ila haukupita mwezi, msikiti ukanunua masufuria matatu mapya Lushoto, mazito, yenye vishikio vya mbao. Kanisa likaona haya kubaki nyuma, likanunua manne. Zamani wasingeweza hata wangetaka; sasa duka lilikuwa limejaa mpaka barazani, na kila mtu aliyekasirika aliweza kununua chake. Sherehe za kanisani zikapikwa kanisani, za msikitini msikitini. Watu waliendelea kusalimiana njiani na kualikana, lakini mwalikwa alikaa kwenye kiti na kuletewa sahani, na jikoni hakuingia. Kristian aliuza nguruwe wote kwa hasara, akahamia Korogwe, na kwa mama yake akawa anakuja Krismasi tu.

Wakubwa nao walihangaika. Iliundwa kamati ya maelewano, ikafanya semina kwenye ukumbi wa kata, na Josephina na Mwanaisha wakaalikwa wakae mstari wa mbele. Wasemaji walisema vizuri sana juu ya ushirikiano. Wakati wa mapumziko Waislamu na Wakristo walikunywa soda pamoja, kila mtu na chupa yake. Wakati wa kurudi Mwanaisha alimwuliza mwenzake kama kuna aliyewauliza wao lolote. Josephina akasema hakuna, na wakacheka mpaka wakashika mbavu, na kicheko kilipoisha wakaagana njia panda.

Kila Jumamosi Josephina aliisugua sufuria kwa majivu, akaianika, akairudisha ndani. Miaka mitano. Hakuna aliyepanda na mfuniko.

Mwaka wa mvua zile kubwa, tisini na saba, miguu ya Mwanaisha ilianza kuvimba, kisha pumzi ikawa ya tabu. Barabara ya kwenda mjini ilikuwa imekatika mahali pawili. Josephina aliteremka kila siku na uji wa mtama ndani ya chupa ya chai. Siku moja alisahau khanga yake, akarudi kuichukua, akamkuta mke wa mpwa wa Mwanaisha anaumwaga uji ule kwenye bakuli la kuku. Yule dada aliinamisha macho. Josephina alichukua khanga yake akaondoka, na kesho yake akaja tena na uji, ila tangu hapo alimnywesha Mwanaisha mwenyewe, kijiko kwa kijiko, mpaka chupa iishe.

"Nikifa wewe ndiye utakayenipikia watu," Mwanaisha alimwambia siku moja. "Usiniletee maneno ya kwamba hawataki. Njoo na sufuria. Mfuniko uko chini ya kitanda hiki."

"Nitakuja nayo," Josephina akasema.

Alifariki Jumanne alfajiri. Habari ilipomfikia, Josephina hakulia kwanza. Alioga, akavaa, akaitoa sufuria, akajitwisha, akateremka kwenye ukungu akiwa na miaka hamsini na saba na magoti mabovu. Ua ulikuwa umejaa. Masufuria matatu ya msikiti yalikuwa yameshainjikwa, moja la wali, moja la maharage, moja la chai, na wanawake vijana walikuwa wanazunguka kwa haraka ya kujua wanachofanya. Mmoja akamwona, akaja akapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kupika."

Msichana akaitazama sufuria, akatazama nyuma kwa wenzake. Alisema kwa adabu yote aliyofundishwa, "Tua mzigo, bibi, upumzike. Wageni wanakaa huku."

Josephina alitua. Akaenda kukaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wenzake wa kanisani, sufuria mbele ya miguu yake, kama mtu aliyekwenda sokoni na mzigo usionunuliwa. Miaka thelathini na nne iliyopita alikuwa mgeni wa Nathanaeli, na aliyemtoa kwenye ugeni ule alikuwa amelazwa ndani, amefunikwa shuka. Jirani yake mkekani alimshika mkono. Yeye aliuacha mkono ushikwe, akitazama moshi wa jiko ambalo si lake.

Ilham ndiye aliyetoka ndani, macho mekundu, akapita katikati ya watu wote akaja kuchuchumaa mbele yake.

"Mama mkubwa, shikamoo. Mama aliniambia utakuja nayo."

"Marahaba. Nimekuja nayo."

"Chakula wameshapanga wenyewe. Siwezi kupigana nao leo." Ilham akaitazama sufuria. "Lakini maji ya kumwoshea hayajachemshwa. Vile visufuria vya ndani havitoshi."

Wanawake wa jikoni walisikia, minong'ono ikaanza. Mmoja mtu mzima akasema waziwazi kwamba maiti ya Mwislamu haiwezi kuogeshwa kwa maji ya sufuria ile, watu waogope Mungu. Ilham hakubishana naye. Alikwenda mpaka walipokaa wanaume, akamwita Mwalimu Shemboza, na yule mzee akaja taratibu na bakora yake, akasimama juu ya sufuria, akaitazama kwa muda. Pengine alikuwa anaiona hitima ya baba yake. Josephina hakuthubutu kuinua uso.

"Nilikwisha kusema siku ile darasani," Mwalimu akasema. "Imetakata. Na aliyeitakasa ndiye huyu mnayetaka kumwosha." Akageuka akarudi kwa wanaume.

Josephina aliyapanga mafiga mwenyewe, pembeni, nyuma ya nyumba. Akawasha moto. Ilham akamletea mfuniko uliofungwa ndani ya khanga kuukuu, na Josephina alipoufunika aliusikia ule mlio wake, bati likiketi juu ya bati, mlio ambao hakuusikia kwa miaka mitano. Hapo ndipo alipolia. Alilia kwa sauti, mwiko hana, viungo hakuna, anachemsha maji matupu ya kumwogeshea mtu aliyemfundisha kusalimia. Aliyajaribu maji kwa kiwiko, kama ya mtoto mchanga, akaona yamefaa, akayapitisha kwenye mlango wa nyuma ndoo baada ya ndoo. Ndani hakuingia, si mahali pake. Alisimama ukutani akasikia yakimwagwa pole pole, na sauti ya Ilham ikisema, "Bismillahi, mama."

Alizikwa baada ya adhuhuri. Waliporudi makaburini watu waliletewa chakula, na Josephina akaletewa sahani yake mkekani. Alikula, kwa sababu kukataa kungekuwa maneno mengine. Kisha akaenda nyuma ya nyumba kumwaga majivu na kuchukua sufuria yake. Akabaki ameshika mfuniko, hajui aufanye nini, maana shughuli ikiisha mfuniko hurudi kwa mwenyewe.

Ilham akaupokea. Akaufunga tena ndani ya khanga ya mama yake.

"Nautunza mimi," akasema.

"Wa kazi gani, mwanangu? Hakuna anayepika nayo tena."

Ilham akaukumbatia mfuniko. "Siku yako, mama mkubwa, nitapanda nao."

Josephina akamtazama, akatingisha kichwa kukubali. Akainama, Ilham akamsaidia kujitwisha. Akapanda njia ya kwake polepole, sufuria wazi kichwani, na ukungu ukawa umeanza tena kuteremka kutoka msituni.